Jino Zima, Fizi Mgonjwa

Litazame kwa karibu jino lililotolewa kwa sababu ya ugonjwa wa fizi. Wengi hutarajia kuona tundu jeusi, wasilione. Kichwa cha jino ni cheupe, kizima, kingeweza kutafuna miaka mingine thelathini. Ukiligeuza upande wa mzizi ndipo kisa kinapoonekana: ukoko wa kahawia iliyokoza, karibu na nyeusi, umegandamana na mzizi na kushuka hadi karibu na ncha. Sehemu iliyobaki safi, ile ambayo mwili ulikuwa bado umeishika, ni milimita chache tu. Jino halikuugua. Kilichougua ni kile kilichokuwa kimelishika.

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Tumezoea kulihukumu jino kwa maumivu: likiuma ni bovu, lisipouma ni zima. Ugonjwa wa fizi haujali kanuni hiyo. Unaweza kula nusu ya mfupa bila kumkosesha mtu usingizi hata usiku mmoja, kisha jino likianza kucheza mtu husema "limeanza juzi." Halikuanza juzi. Pengine lilianza miaka kumi iliyopita, na dalili pekee ilikuwa damu kidogo kwenye mswaki, ambayo ilisuuzwa ikasahauliwa.

Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa fizi, na meno yangu bado ninayo. Ninayoyaeleza hapa ndiyo ningependa kuelezwa siku ya kwanza, badala ya kuambiwa tu "piga mswaki vizuri."

Mzizi wa jino haukupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna ukanda mwembamba, robo milimita hivi, uliojaa nyuzi zinazotoka kwenye mzizi na kuzama mfupani. Jino limening'inia humo. Ukitafuna kitu kigumu nyuzi hukazika, zikabeba uzito, kisha zikalegea. Juu yake ufizi huizunguka shingo ya jino na kuuziba mlango. Kati ya ufizi na jino hubaki ufa mdogo wa milimita moja hadi tatu, na vita vyote vya ugonjwa huu vinapiganwa ndani ya ufa huo.

Adui anaitwa ukoga. Pitisha ukucha kwenye jino la mbele, pale linapokutana na ufizi, kabla hujapiga mswaki asubuhi: kile kitu laini cheupe kinachobaki kwenye ukucha ndicho chenyewe. Si mabaki ya chakula, ni bakteria waliojijengea makazi na kuyashikiza kwa gundi yao. Ukoga ukiachwa kwa siku kadhaa, madini yaliyomo kwenye mate huanza kuugeuza jiwe. Jiwe hilo ndilo ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue kwa hasira.

Kwamba ukoga ndio unaoanzisha mambo kulithibitishwa kwa namna ya moja kwa moja mno. Mwaka 1965, huko Denmark, mtafiti Harald Löe na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi nyekundu zilizovimba. Walipoanza tena kupiga mswaki, fizi zikarudi kuwa nzima ndani ya siku chache. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya ugonjwa, uvimbe wa ufizi peke yake, na uzuri wake ni kwamba inarudi nyuma bila kuacha kovu.

Hatua ya pili haina huruma hiyo. Madaktari huiita periodontaitisi. Uvimbe umeshuka chini, nyuzi zimeanza kukatika na mfupa unayeyuka. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba bakteria si wao hasa wanaoutafuna mfupa. Kazi hiyo hufanywa na mwili wenyewe. Kinga inapopigana na adui asiyeondoka, mapambano yale yale huvunja nyuzi na kuyeyusha mfupa wa jirani. Ni kama mwili umeamua kuusogeza mpaka nyuma kuliko kuishi na moto mlangoni. Mfupa uliokwisha kuondoka hauoti tena wenyewe. Kuna upasuaji unaoweza kurudisha kiasi chake kwenye mashimo yenye umbo linalofaa, lakini kwa sehemu kubwa kilichopotea kimepotea, na kazi yote inabaki kukilinda kilichopo.

Sasa, kila anapozungumziwa mgonjwa wa fizi hatakosekana mtu wa kusema kwamba babu yake hakujua mswaki na alizikwa na meno yake yote. Inawezekana kabisa. Kuanzia mwaka 1970 Löe na wenzake waliwafuatilia wanaume 480, vibarua wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno wala huduma ya daktari wa meno. Wote walikuwa na ukoga na ugaga tele. Baada ya miaka 15 wakagawanyika: asilimia 8 ugonjwa uliwaendea mbio, asilimia 81 uliwaendea kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 fizi zilivimba lakini ugonjwa haukushuka zaidi ya hapo. Babu huenda alikuwa katika hao 11. Wewe uliyeambiwa una mfupa uliopungua uko katika wale 81 au wale 8. Ndiyo maana kuilinganisha bidii yako na ya jirani asiyejali ni kujiumiza bure: ukoga wao na ukoga wako unaweza kuwa ule ule, ila miili haiupokei sawa. Na hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu katika hali yake kali unawagusa watu zaidi ya bilioni 1.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Daktari anashika kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita na kukipenyeza taratibu kwenye ule ufa, mahali sita kwa kila jino, matatu upande wa shavu na matatu upande wa ulimi. Anataja namba, msaidizi anaandika. "Mbili, mbili, tatu. Tatu, mbili, sita." Mwenye meno 28 ana namba 168, na ukiwa umelala kinywa wazi macho kwenye taa, kila namba unaisikia. Mbili na tatu zinapita kama mtu anayehesabu hatua. Kisha inakuja sita, na unajua ni gego lile lile.

Namba hizo zina maana zaidi ya maneno yote utakayoambiwa. Tatu kushuka chini ni hali nzuri. Nne ni ya kuangaliwa. Ikifika tano au sita, ufa umekuwa kijifuko ambacho nyuzi za mswaki hazifiki chini yake. Humo hewa ni haba, na bakteria wasiopenda oksijeni, akiwemo yule aitwaye Porphyromonas gingivalis, wanajikuta kwao. Picha ya eksirei inaongeza upande wa pili wa habari, yaani mfupa umebaki kiasi gani.

Kuna jambo lingine zile namba huonyesha. Ugonjwa huu haukai kinywa kizima sawasawa. Unakaa mahali. Jino moja linaweza kuwa na mbili pande tano na saba upande wa sita. Basi kauli kwamba "fizi zako ni mbaya" haina msaada mkubwa. Unachohitaji kujua ni wapi. Omba nakala ya chati yako, au omba uonyeshwe kwenye kioo, jino kwa jino. Ukishajua kwamba shida iko nyuma ya gego la pili la chini kulia, mkono wako wa usiku unajua pa kwenda.

Matibabu yanaanza kwa kuuondoa ugaga, juu ya ufizi na chini yake, mara nyingi kwa sindano ya ganzi, upande mmoja wa kinywa au zaidi kwa ziara moja. Hapa ndipo palipozaliwa uvumi sugu kuliko wote: kwamba kusafishwa meno kunayalegeza. Uvumi huu una chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haufi. Ugaga mnene huyagandisha meno jirani kama saruji mbovu. Ukiondolewa, jino lililokuwa limeshapoteza mfupa linaonekana lilivyo. Fizi zilizovimba nazo hunywea, mapengo yanatokea kati ya meno, na mizizi iliyofunuka inasisimka kwa maji baridi. Mtu anatoka kliniki akiwa na meno yanayoonekana marefu zaidi na yanayouma kuliko alivyoingia. Ni haki yake kushtuka, na ni kosa la aliyemsafisha kutomwambia mapema. Lakini kilichonywea ni uvimbe. Baada ya miezi miwili mitatu, zikipimwa tena, sita nyingi huwa zimeshuka kuwa nne, na nne kuwa tatu. Pale ambapo namba imekataa kushuka ndipo kunapozungumzwa upasuaji mdogo wa kuufunua ufizi ili mzizi uonekane kwa macho. Antibiotiki peke yake si njia ya mkato. Huwa na nafasi kwa baadhi ya wagonjwa, ikiambatana na usafishaji, si badala yake.

Kuhusu dawa kushindwa kupenya ukoga kuna kisa cha zamani ninachokipenda. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, ndiye aliyeandika mwaka 1683 jinsi alivyoona kwa hadubini yake viumbe hai vidogo vikiogelea kwenye uchafu aliokwangua katikati ya meno yake, meno aliyokuwa akiyasugua kwa chumvi kila asubuhi. Alijaribu siki. Nje ya kinywa, siki iliviua. Aliposukutua nayo, viumbe viliendelea kuwepo, akahitimisha kuwa siki ilivifikia vile vya juu tu na haikupenya hadi ndani ya uchafu. Zaidi ya miaka mia tatu baadaye, jibu kwa anayeuliza dawa bora ya kusukutua ni lile lile. Kusukutua kunalowesha paa la nyumba. Hata klorheksidini, iliyo kali kuliko nyingi, hutolewa kwa muda mfupi tu, kama baada ya upasuaji, kwa sababu hutia meno madoa na kuharibu ladha. Maji ya chumvi yanatuliza fizi zilizokwaruzika, na kazi yake inaishia hapo. Ukoga unaondolewa kwa kuguswa.

Kuguswa vipi sasa. Mswaki uwe laini. Mgumu unaukata ufizi na kuuchimba mzizi uliofunuka, ambao hauna ganda gumu kama la kichwa cha jino. Nyuzi zake zielekezwe kwenye mpaka wa jino na ufizi kwa mshazari, nusu zikiwa juu ya jino na nusu zikiwa zinauingia ule ufa, kisha mkono utetemeke kwa mwendo mfupi. Usiburute. Jino moja au mawili kwa wakati mmoja, na upande wa ulimi usiachwe, kwani mkono hupenda kuukwepa.

Hata hivyo, kwa mwenye ugonjwa wa fizi, mswaki ni nusu ya kazi. Ugonjwa hupenda katikati ya meno, na mswaki haufiki huko. Uzi wa meno unafaa pale meno yalipobanana. Pale mfupa umepungua na pengo limefunguka, mzizi huwa na mbonyeo ambao uzi unapita juu yake kama kamba juu ya bonde. Hapo panataka brashi ndogo za katikati ya meno, zile zinazofanana na kibrashi cha kusafishia chupa kilichopungua hadi unene wa kijiti cha kiberiti. Ukubwa ni muhimu. Ikiingia bila kugusa kuta haisafishi, ikilazimishwa inaumiza. Kinywa kimoja huhitaji saizi mbili au tatu, moja ya mbele na nyingine ya magego, na daktari ndiye wa kukupimia mara ya kwanza. Ipitishe mara chache mbele na nyuma, ichomoe, inuse. Naam, inuse. Harufu itakueleza pengo lipi lilikuwa limeachwa.

Siku za mwanzo itatoka damu. Hapa watu wengi hukata tamaa, wakiamini wanajijeruhi, na kupaacha mahali pale "papumzike." Mahali panapotoka damu ndipo panapodai kazi zaidi. Ukipita kila siku kwa upole, damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, kuna ugaga chini ambao brashi yako haiufikii, na hiyo ni sababu ya kurudi kliniki kabla ya tarehe.

Kutotoka damu nako kuna mtego. Mahali ambapo hapatoki damu ziara baada ya ziara kwa kawaida pametulia, isipokuwa kwa mvutaji wa sigara. Tumbaku huudumaza mtiririko wa damu kwenye fizi, kwa hiyo mvutaji anaweza kuwa na vijifuko vya milimita saba na fizi zinazoonekana ngumu, za waridi iliyopauka, zisizotoa tone. Wengine huanza kutoka damu baada ya kuacha, wakadhani kuacha kumewadhuru. Ni king'ora kilichokuwa kimezimwa kinawaka tena. Miongoni mwa mambo ambayo mgonjwa anaweza kuyabadilisha, sidhani kuna linaloshinda kuacha sigara.

Kisukari ni ndugu wa karibu wa ugonjwa huu, na udugu wao unakwenda pande mbili. Sukari isiyodhibitiwa huchochea uvimbe na kuchelewesha kupona. Fizi zilizowaka nazo huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Fizi zikitibiwa, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hushuka kwa wastani wa pointi 0.4 hivi katika miezi ya mwanzo. Si kidogo, kwa kazi iliyofanywa kinywani. Mwenye fizi zisizotulia licha ya bidii zote apime sukari. Ataje pia dawa anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama nifedipini na amlodipini, na fenitoini ya kifafa, zinaweza kuvimbisha fizi zikapanda juu ya meno. Asiziache mwenyewe, daktari wake anaweza kuwa na mbadala.

Lipo tatizo linaloingia kwa mlango wa nyuma. Mtu anazipigania fizi, anashinda, kisha anaanza kupoteza meno kwa kuoza. Mizizi iliyofunuka huyeyuka kwa asidi hafifu kuliko ile inayohitajika kuliyeyusha ganda la juu, na kinywa kikavu, kama kile kinachosababishwa na dawa nyingi za uzeeni, huharakisha mambo. Dawa ya meno yenye floraidi ya kawaida, sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, itumike mara mbili kwa siku, na ukimaliza teme povu bila kusuuza, ili floraidi ibaki mzizini. Mwenye mizizi mingi iliyo wazi anaweza kuandikiwa yenye nguvu zaidi. Vitu vitamu vya kunyonya siku nzima, hata pipi ya kikohozi, ni adui mkubwa wa mzizi kuliko kitindamlo kimoja baada ya mlo.

Na jino linalocheza? Lisihukumiwe kabla uvimbe haujatoka. Sehemu ya kucheza huko hutokana na nyuzi zilizolowa uvimbe, na fizi zikitulia jino hukaza kiasi. Lililobaki likicheza linaweza kufungwa kwa waya mwembamba na jirani zake, na anayesaga meno usingizini hutengenezewa kifaa cha kuvaa usiku. Ombi langu moja ni kwamba usilitikise kwa ulimi kutwa kulipima. Najua ugumu wa ombi hili.

Wengi hufika mahali wakauliza kwa nini wasing'oe yote waweke vipandikizi, yaani meno bandia yanayopandwa mfupani, wapumzike. Kipandikizi ni kitu kizuri pale jino limeshaondoka. Lakini hakina zile nyuzi. Kimegandana na mfupa moja kwa moja, na ukoga ukikizunguka, mfupa wake huliwa pia, wakati mwingine kwa kasi kuliko wa jino. Aliyewahi kuugua fizi ndiye aliye hatarini zaidi. Hakuna mapumziko huko, brashi ndogo zitakufuata.

Kwa upande mwingine, meno ya asili yenye mfupa pungufu hudumu kuliko tunavyotishwa. Mwaka 1978 madaktari wa fizi Hirschfeld na Wasserman walichapisha habari za wagonjwa 600 wa fizi waliotibiwa na kufuatiliwa kwa wastani wa miaka 22. Wagonjwa 300 hawakupoteza hata jino moja kwa ugonjwa wa fizi. Wengine 199 walipoteza kati ya moja na matatu. Waliopoteza kumi au zaidi walikuwa 25. Meno yaliyoondoka yalikuwa zaidi magego, kwa sababu mizizi yake imegawanyika kama panda za mti, na ugonjwa ukishafika kwenye panda hakuna brashi inayoingia vizuri.

Wagonjwa hao walikuwa wakirudi kusafishwa. Bakteria wa chini ya ufizi hujipanga upya ndani ya wiki kadhaa, ndiyo maana mgonjwa wa fizi huitwa kila baada ya miezi mitatu au minne, si mara moja kwa mwaka kama mwenye fizi nzima. Mimi huandika tarehe ijayo kabla sijatoka kwenye kiti, maana nikisubiri kuumwa sitarudi. Usaha, uvimbe wa ghafla wa ufizi au homa havisubiri tarehe. Hivyo ni vya siku hiyo hiyo.

Pengine gego moja litashindikana. Likiwa linatoa usaha kila mara na kumpunguzia jirani yake mfupa, kulitoa ni kumwokoa jirani. Japani ilipoanzisha kampeni yake ya meno mwaka 1989, haikuwaambia watu wafike uzeeni na meno yote 32. Iliwaambia wafike miaka 80 wakiwa na meno 20 yao wenyewe, kwa kuwa kwa meno 20 mtu anaweza kutafuna karibu chakula chochote. Wakati huo lengo hilo lilionekana la mbali. Katika uchunguzi wa mwaka 2016, zaidi ya nusu ya waliofikia umri huo walikuwa nayo.